Prosesa ya gemu haichaguliwi kwa jina la i9

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nipinge ushauri mmoja uliozoeleka mno madukani. Mtu akijichanga, akasema sasa anataka kuunga kompyuta ya gemu ya daraja la juu, jibu analopewa ni moja tu, linalohusu prosesa ya daraja la juu ya kampuni ya Intel: "Chukua i9, umemaliza." Hajamaliza. Mara nyingi ndiyo kwanza ameanza kulipia joto asilolihitaji na kori (vitengo vya kukokotoa ndani ya prosesa) ambazo gemu haitazigusa, huku jirani yake aliyetoa pesa pungufu akipata fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, nyingi zaidi.

Kosa linaanzia kwenye swali. Prosesa ya gemu haichaguliwi kabla ya skrini. Katika kila fremu moja kuna kazi mbili. Prosesa inakokotoa nani yuko wapi, risasi imepita wapi, mpira umedunda vipi, kisha inaiandalia kadi ya michoro orodha ya vitu vya kuchora. Kadi ndiyo inayopaka rangi pikseli. Skrini ya 1080p ina pikseli milioni 2 hivi. Ya 4K ina milioni 8.3, yaani mara nne. Ukihama kutoka 1080p kwenda 4K, kazi ya kadi inaongezeka sana, ya prosesa inabaki karibu ileile, kwa sababu maadui ni walewale na mpira ni uleule. Ndiyo maana kwenye 4K yenye michoro yote juu kadi huchoka kwanza, na prosesa ya dola 279 inaweza kupishana na ya dola 699 kwa fremu za kuhesabu kwa vidole. (Bei zote ninazozitaja ni za Marekani siku bidhaa ilipotoka, za hapa kwetu kila duka lina lake.)

Upande wa pili ni muda. Skrini ya hezi 60 inasubiri fremu mpya kila baada ya milisekunde 16.7. Ya hezi 144 inasubiri 6.9, na ya hezi 240 inasubiri 4.2 tu. Ndani ya hizo 4.2 prosesa lazima iwe imeshamaliza hesabu zake zote. Kwa hiyo mchezaji wa Counter-Strike 2 mwenye skrini ya 1080p ya hezi 360 anaihitaji prosesa kali kuliko mwenye televisheni ya 4K ya hezi 120 sebuleni, hata kama huyo wa sebuleni ndiye aliyetumia pesa nyingi zaidi.

Aliye na kompyuta tayari anaweza kujipima bila kununua kitu. Zima V-Sync (inayozifunga fremu kwenye kasi ya skrini) na vikomo vyote vya fremu, fungua gemu unayoicheza zaidi, simama mahali penye purukushani nyingi, andika idadi ya fremu. Kisha shusha ukubwa wa picha kutoka 4K hadi 1080p bila kugusa mpangilio mwingine wowote. Tuseme fremu zilikuwa 80 zikaruka hadi 150: kadi ndiyo iliyokuwa inazuia, prosesa mpya haitakusaidia. Zikibaki 80 au 85, prosesa ndiyo mlango mwembamba. Asilimia ya matumizi ya prosesa nzima usiiamini sana. Prosesa ya kori 16 inaweza kuonyesha asilimia 20 na ukadhani imepumzika, kumbe kori moja iliyobeba kazi kuu ya gemu imeelemewa hadi mwisho. Bora uangalie matumizi ya kadi. Yakishuka chini ya asilimia 90 wakati hujaweka kikomo chochote, kadi imekaa inasubiri kuletewa kazi.

Na tahadhari moja hapa: teknolojia ya miale ya mwanga (ray tracing), ambayo wengi huihesabu kuwa mzigo wa kadi peke yake, inaiongezea kazi na prosesa pia, kwa sababu kuna ramani ya vitu vyote vya eneo inayotakiwa kusasishwa kila vinaposogea. Aliyepima na miale imezimwa apime tena ikiwa imewashwa.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho wauzaji wengi hawakitaji kabisa, nacho ni kache, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu na kori. Kori inayokwenda kwa gigahezi 5 inapiga hatua moja kila nanosekunde 0.2. Ikihitaji taarifa iliyoko kwenye RAM, inasubiri nanosekunde 70 hivi, yaani hatua 350 za kukaa bure. Taarifa hiyohiyo ikiwa kwenye kache ya ngazi ya tatu, iliyo ndani ya prosesa yenyewe, inafika kwa takriban nanosekunde 10. Gemu ina tabia ya kurukaruka kwenye kumbukumbu: mara imtazame adui, mara mlango, mara ukuta alioegemea. Haifuati mstari kama programu ya kuhariri video. Ni kama mpishi ambaye kila akitaka chumvi au bizari anamtuma mtoto dukani. Ukimwongezea mafiga hupunguzi chochote. Mpe kabati kubwa humohumo jikoni.

Kabati hilo AMD, washindani wa Intel, walilijenga kwa kupachika kipande cha kache cha megabaiti 64 juu ya prosesa iliyokuwa na megabaiti 32, jumla 96. Ya kwanza kwa kompyuta za nyumbani ilikuwa Ryzen 7 5800X3D ya Aprili 2022. Ikafuata 7800X3D Aprili 2023 kwa dola 449, halafu 9800X3D Novemba 2024 kwa dola 479. Zote tatu zina kori 8. Mbili za kwanza zilikuwa na ila moja: kipande cha kache kilikaa juu ya kori kama blanketi, joto likachelewa kutoka, na kwa sababu hiyo kasi yao ilibanwa, gigahezi 4.5 kwa ile ya 2022 na 5.0 kwa ile ya 2023. Kwenye 9800X3D kache ilihamishiwa chini, kori zikawa karibu na kipoza, kasi ikapanda hadi gigahezi 5.2 na kufuli la kuongeza kasi likafunguliwa.

Linganisha na i9-14900K ya Oktoba 2023: kori 24, gigahezi 6.0, dola 589, na kache ya ngazi ya tatu ya megabaiti 36. Kwenye karatasi inaonekana itaimeza ile ya kori 8. Kwenye gemu nyingi, prosesa ikipimwa pale ambapo yenyewe ndiyo kikomo, 9800X3D inaiacha, na inafanya hivyo kwa umeme kidogo zaidi. Kori 24 zenyewe si sawa: 8 ni kubwa, 16 ni ndogo za kubana umeme. Na watengeneza gemu wengi wanaanzia kwenye PS5 na Xbox Series X, ambazo kila moja ina kori 8. Gemu iliyoandikwa kwa kori 8 haitapata kazi ya kuzipa nyingine 16.

Faida ya kache haifanani kila mahali. Inaonekana sana kwenye Microsoft Flight Simulator, kwenye Factorio yenye kiwanda kikubwa, kwenye gemu za kujenga miji na himaya, na kwenye gemu za mtandaoni zenye wachezaji wengi uwanja mmoja. Inaonekana zaidi kwenye zile fremu mbovu kabisa, asilimia moja ya chini, kuliko kwenye wastani. Hizo ndizo mchezaji anazozihisi mkononi. Wastani wa fremu 200 wenye mikwamo hadi 45 unaudhi kuliko 130 zilizotulia. Kitu ambacho kache haitibu, wala prosesa yoyote, ni pingi, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi. Seva za gemu nyingi zilizo karibu nasi ziko Johannesburg, Dubai au Ulaya, na umbali huo haufutwi na chuma kilichoko mezani kwako.

Lipo pia jambo la kizazi cha 13 na cha 14 cha Intel, ambalo ni lazima msomaji alijue kabla hajanunua i9 au i7 ya vizazi hivyo, hasa ya mtumba. Prosesa za mezani za vizazi hivyo zenye wati 65 na kuendelea zilikuwa na kasoro: katika hali fulani zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi, na saketi moja ndani ya kori ikazeeka mapema. Intel walikiri mwaka 2024, wakatoa marekebisho ya maikrokodi (programu ya ndani ya prosesa), 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba, na kuongeza waranti kutoka miaka 3 hadi 5. Marekebisho hayo yanazuia uharibifu mpya. Iliyokwisha kuharibika hairudi.

Dalili zake ndizo zilizowapoteza wengi. Gemu inayotumia Unreal Engine inazimika wakati wa kuandaa michoro na kuleta ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi imeisha. Mtu anakimbilia kubadilisha kadi ya michoro ya dola elfu moja, tatizo linabaki palepale. Au anaweka draiva ya kadi, usakinishaji unakwama katikati. Kufungua faili kubwa lililobanwa kunaleta makosa leo, kesho hakuleti. Ukiona hayo kwenye 13900K au 14900K, mshuku wa kwanza ni prosesa. Mwenye nayo iliyo nzima asiogope: asasishe BIOS (programu ya kuwashia iliyo kwenye ubao mama) kwanza, kisha achague mpangilio wa umeme wa Intel wenyewe, kikomo cha wati 253, badala ya ule wa mtengenezaji wa ubao mama unaoacha umeme bila mpaka. Fremu atakazopoteza kwenye gemu ni chache mno.

Intel walikuja na Core Ultra 9 285K Oktoba 2024, kwa dola 589. Ni prosesa ya kazi nzuri, inatumia umeme kidogo kuliko iliyoitangulia, lakini kwenye gemu nyingi ilitoka nyuma ya 14900K, sembuse zile za AMD zenye X3D kwenye jina. Kwa anayehariri video mchana kutwa ni chaguo la kufikirika. Kwa anayenunua kwa ajili ya gemu tu, hapana.

Nakuja kwa wenye pesa zaidi. Ryzen 9 9950X3D ya Machi 2025, dola 699, ina kori 16 na kache ya megabaiti 128. Wengi wanadhani ni 9800X3D mbili kwenye sahani moja. Sivyo. Kori zake zimegawanywa makundi mawili ya nane nane, na ni kundi moja tu lenye kache ya ziada. Windows inatakiwa iitambue gemu na kuipeleka kwenye kundi hilo, na inategemea mambo matatu: draiva ya chipuseti ya AMD, programu ya Xbox Game Bar iliyosasishwa, na Game Mode iliyowashwa. Kimoja kikikosekana, gemu inaangukia kundi lisilo na kache ya ziada, au inarukaruka kati ya makundi mawili, na mtu wa dola 699 anapitwa na wa dola 479. Hutokea zaidi kwa aliyetoa prosesa ya kundi moja akaweka hii bila kusafisha Windows. Wakati gemu inaendelea, fungua Resource Monitor utazame kori: nane zinafanya kazi, nyingine nane zimeandikwa kwamba zimeegeshwa. Zote zikiwa macho, ondoa draiva ya chipuseti, weka mpya, washa upya kompyuta. Isipokubali, sakinisha Windows upya.

Je, anayerusha gemu mubashara hahitaji kori 16? Kwa kawaida hapana. Kadi za NVIDIA zina sehemu maalumu ya kusimba video, na prosesa haiguswi sana. Kori 16 ni za anayekusanya programu kubwa, anayetengeneza picha za 3D au anayehariri video kwa riziki. Vinginevyo, tofauti ya dola 220 kati ya 9950X3D na 9800X3D inakaribia kabisa dola 250 zinazotenganisha kadi ya RTX 5070 Ti ya dola 749 na RTX 5080 ya dola 999. Kwenye skrini ya 4K, hiyo ya pili utaiona kwa macho. Nikiambiwa bajeti imebana na skrini ni ya 4K, ningeshuka hata chini zaidi: Ryzen 5 9600X ya kori 6, dola 279, na pesa yote iliyobaki iende kwenye kadi. Soketi (tundu la prosesa kwenye ubao mama) ni ileile ya AM5, ambayo AMD wameahidi kuihudumia hadi 2027 na zaidi, kwa hiyo X3D inaweza kuja baadaye bila kubadilisha ubao mama. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutoivamia i9 ya kizazi cha 14: soketi yake ya LGA1700 ilianza 2021 na imeshafika mwisho wa njia.

Kwenye ubao mama sina maneno mengi. B650 au B850 ya kawaida inaibeba 9800X3D bila shida. Ubao wa dola 500 hauongezi fremu. Kinachohitaji umakini ni BIOS. Mbao nyingi za B650 na X670 zilitoka kiwandani kabla ya Novemba 2024, na haziitambui 9800X3D hadi zisasishwe. Chagua ubao wenye kitufe cha BIOS Flashback. Unapakua faili kwenye tovuti ya mtengenezaji, unaibadilisha jina kama kitabu cha ubao kinavyoelekeza, unaiweka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, unachomeka kwenye tundu lililoandikwa, unabonyeza kitufe. Haihitaji prosesa wala RAM kuwepo, umeme wa pawa saplai tu. Umeme wa TANESCO au Kenya Power ukikatika katikati ya kusasisha kwa njia ya kawaida, ubao unaweza kufa; kwa Flashback unarudia tu. Sasisho hilo lina kazi nyingine pia. Mwaka 2023 baadhi ya 7800X3D ziliungua kwa volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayosimamia kumbukumbu) iliyopitiliza, na AMD wakaweka mpaka wa volti 1.3 kupitia BIOS. Mwaka 2025 kulikuwa na taarifa za 9800X3D kufa kwenye baadhi ya mbao, na BIOS mpya zikatolewa tena. Kwa hiyo BIOS kwanza, gemu baadaye.

RAM: vipande viwili vya gigabaiti 16, DDR5-6000. Viwili, si vinne. Rasmi, Ryzen 9000 (kizazi cha 9600X na 9800X3D) inahudumia kasi ya 5600 ikiwa na vipande viwili, na 3600 tu ikiwa na vinne. Aliyenunua seti mbili za viwili viwili ili nafasi zote zijae anaweza kujikuta kompyuta haiwaki kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Viweke nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kisha uwashe EXPO, mpangilio unaoifikisha RAM kwenye kasi ya boksi, ndani ya BIOS. Usipoiwasha, RAM ya 6000 itajiendesha kwa 4800 au 5600 na hakuna ujumbe utakaokuambia. Kwa X3D tofauti ya CL30 na CL36 (kipimo cha ucheleweshaji wa RAM) ni ndogo, kwa sababu kache kubwa inapunguza safari za kwenda RAM. Tangu miezi ya mwisho ya 2025 bei za DDR5 zimepanda vibaya, kwa hiyo usiilipie CL30 kwa tofauti kubwa, wala usikimbilie gigabaiti 64 kwa gemu peke yake.

Siku ya kwanza ya kuwasha AM5 ndiyo inayowatia watu jasho. Skrini inabaki nyeusi, taa ya DRAM kwenye ubao inawaka, dakika zinapita. Mtu anazima, anawasha, anazima tena, anarudisha prosesa dukani. Kumbe kompyuta ilikuwa inajifunza RAM tu. Iache dakika 10 hadi 15 bila kuigusa. Kila ukifuta mipangilio ya BIOS au ukibadilisha RAM itajifunza tena.

Makosa mengine ya kufunga ni yaleyale kila mara. Pini za AM5 ziko kwenye ubao, si kwenye prosesa. Kidole au tone la pesti ya kupozea likiingia pale, umepoteza ubao. Linganisha pembetatu ya kona, weka prosesa taratibu, usiisukume. Nailoni ya chini ya kipoza watu huisahau, na kompyuta inafika nyuzi 95 ndani ya dakika moja. Kebo ya skrini inachomekwa kwenye ubao mama badala ya kadi: Ryzen 7000 na 9000 nyingi zina michoro midogo ya ndani, kwa hiyo picha itatoka vizuri, ila gemu itakwenda kwa fremu 10. Na baada ya yote hayo, Windows inaachwa kwenye hezi 60 huku skrini ni ya 240. Fungua mipangilio ya skrini, badilisha.

Kuhusu joto, hesabu za Ulaya zinatupunja hapa. Kipimo kilichofanyika chumbani kwa nyuzi 22 ukikileta kwenye chumba cha nyuzi 32 Dar es Salaam au Mombasa, ongeza nyuzi 10 hivi kwenye kila namba. 7800X3D inaanza kujipunguza kasi ikifika nyuzi 89, 9800X3D ikifika 95. Kwa bahati, X3D ni za umeme mdogo: 7800X3D kwenye gemu nyingi inakula kati ya wati 50 na 80. Kipoza cha hewa chenye minara miwili na mabomba sita kinatosha kabisa. Pima tu kimo chake, sentimita 16 hivi, dhidi ya nafasi ya kasha. Kwenye pwani ningechagua cha hewa kuliko cha maji hata kama pesa ipo, kwa kuwa kinachoharibika ni feni tu, na feni inapatikana. Pampu ya kipoza cha maji ikifa, unanunua kipoza kizima. Kwa 14900K huna uhuru huo: wati 253 kwenye joto la pwani zinataka kipoza cha maji cha milimita 360, na joto lote hilo linamwagika chumbani, kisha unalilipia mara ya pili kwa kiyoyozi. Vichujio vya vumbi vioshwe kila mwezi. Vumbi la hapa si la Stockholm.

UPS ya 650VA inayouzwa kila kona hutoa wati 360 au 390. RTX 5080 peke yake ina kikomo cha wati 360. Kompyuta ya namna hii ikiwa kwenye gemu wakati umeme unakatika, UPS hiyo inazimika papo hapo, na wengi wanadhani ni mbovu. Nunua ya 1500VA na zaidi, uitegemee kwa dakika chache za kuhifadhi na kuzima.

Ukifika dukani, uliza kama prosesa ni ya boksi au ya trei. Ya boksi kwa kawaida ina waranti ya mtengenezaji ya miaka 3. Ya trei ilikusudiwa viwanda vya kuunga kompyuta, na waranti yake ni ya aliyekuuzia, kwa hiyo iandikwe kwenye risiti. Trei si bandia, na ikiwa nafuu kweli haina ubaya. Bandia ni ile iliyokwanguliwa maandishi ikaandikwa mengine. Iwashe palepale, fungua CPU-Z, tazama jina, idadi ya kori na kache: 9800X3D halisi itaonyesha kori 8 na megabaiti 96 za ngazi ya tatu. Ya mtumba ya kizazi cha 13 au 14 cha Intel usiichukue bila kuiona ikifungua faili kubwa lililobanwa, gigabaiti 20 au zaidi, mara kadhaa mfululizo bila kosa.

Ombi langu kwako, Mhariri, linahusu matangazo madogo ya biashara. "Kompyuta ya gemu, i7, RAM 16" si tangazo lililokamilika. Core i7-4770 ya 2013 ni i7, na inapitwa na Core i3-12100 ya 2022, zote zikiwa na kori nne. Tungependa dawati la matangazo limwombe mtangazaji namba kamili ya prosesa, namba ya kadi ya michoro, na aina ya RAM. Ni maneno sita zaidi kwenye tangazo.

Wako,
Fundi kompyuta,
Dar es Salaam